Rafiki yako yuko Dubai, mamake anajua nini?

Beshte yako akipaa kwenda Dubai kutafuta riziki, wewe humpotezi. Kabla hujatoka kitandani umeshaona picha alizoweka WhatsApp, ukacheka, ukamjibu.

Sasa fikiria mamake kule ushago. Ana kabambe. Habari za mwanawe humfikia kwa ujumbe wa M-Pesa: pesa zimeingia, basi yuko hai. Lakini je, anakula vizuri? Ameugua? Mwajiri anamtendea utu? M-Pesa haisemi hayo.

Isitoshe, kule Dubai kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa. Kinachopita ni maandishi na ujumbe wa sauti. Hapo ndipo wewe unaingia, kwa sababu simu unayo na njia ya kwao unaijua.

Ukienda nyumbani wikendi, bisha hodi kwa mama. Mrekodi akiongea na mwanawe kwa lugha yao. Mwache agombe, acheke, aombe. Ni dakika mbili tu, haimalizi bando. Jibu likija, mwekee asikie sauti yenyewe. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja pekee, kwa hivyo usisingizie saa.

Halafu hifadhi namba ya mtu mmoja wa familia yake. Beshte akinyamaza ghafla siku tatu, wewe ndiye utakayegundua kwanza. Utampigia nani? Itafute hiyo namba leo, wakati kila kitu bado kiko shwari.