GPA ya 3.7 na ndoto ya diplomasia: mlango upi bado uko wazi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu pale Mlimani, GPA 3.7, anataka uzamili wa mahusiano ya kimataifa nje ya nchi. Atapata? Jibu fupi: kudahiliwa anaweza. Kufika darasani na kulipiwa ndiyo kazi.

Tuanze na Marekani, maana ndiko wengi wanakoangalia kwanza. Hata Salim Ahmed Salim alichukua uzamili wake Columbia, New York. Lakini tangazo la Rais Donald Trump la Desemba 2025 liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye zuio la sehemu. Tangu Januari 1, 2026, viza mpya za masomo za F na J zimesitishwa kwa Watanzania, isipokuwa wachache. Warundi walianza kuonja hilo Juni 2025. Kenya haimo.

Kwa hiyo vijana wawili wenye matokeo yanayolingana, mmoja Arusha na mwingine Nairobi, hawana nafasi sawa, na alama hazihusiki kabisa. Barua ya Georgetown bila viza ni karatasi tu.

Kuhusu alama zenyewe, 3.7 ya Tanzania ni kati ya 5, siyo kati ya 4 kama ya Marekani. Ni daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Eleza kipimo hicho kwenye fomu, usiache msomaji akisie.

Vyuo vingi vya fani hii havilazimishi tena mtihani wa GRE tangu korona, hivyo insha na barua za wahadhiri zina uzito mkubwa. Hapo wengi wanapwaya. Insha inaanza na "tangu utotoni napenda amani", halafu basi. Kamati inataka kujua unachunguza nini: vita vya mashariki mwa Kongo? Vikwazo vya biashara ndani ya EAC? Taja.

Uingereza bado inapokea, ila Chevening inadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi. Kazi za muda na kujitolea vinahesabika. Fildi ya lazima ya kozi haihesabiki. Na ukimaliza, unarudi nyumbani kwa miaka miwili.

Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya haizungumzwi sana, sijui kwa nini. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba, anasoma katika nchi zaidi ya moja, na posho ni euro 1,400 kwa mwezi.

Kuna pia Kurasini, chuo cha diplomasia kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978, chenye stashahada ya uzamili. Wanaokidharau wajiulize wanafukuzia ajira gani huko nje. USAID ilifungwa Julai 2025, na mwezi huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikapunguza wafanyakazi zaidi ya 1,300. Watu hao wenye uzoefu nao wanatafuta kazi kwenye mashirika yaleyale.

Kwa mtazamo wetu, mwenye 3.7 aombe Erasmus sasa, aanze kuandika saa zake za kazi kwenye daftari, na ada ya maombi ya Marekani aiweke mfukoni kwanza.