Ngazi ya Mganga: Je, Kupanda ni Lazima Kuwe Kuhama?

Mganga mfawidhi wa kituo cha afya kilicho mbali na barabara ya lami akiifanya kazi yake kwa uaminifu, akaisimamia stoo ya dawa hata isipungukiwe, akazoeana na wakunga wake, akajua ni kijiji kipi kinachowachelewesha wajawazito na kwa sababu gani, basi ada ya nchi zetu ni kumlipa wema huo kwa kumwondoa pale pale: apelekwe wilayani, na akifanya vyema wilayani apelekwe mkoani, na akijaliwa zaidi aketi wizarani, ilhali watu aliokuwa akiwahudumia huletewa mgeni ambaye hana budi kuanza kujifunza upya yale ambayo mwenzake alikwisha kuyafahamu. Hiyo ndiyo ngazi tuliyoijenga, na kwa hiyo ndiyo hupimwa heshima ya mtu katika utumishi wa afya. Nami nataka kuuliza kama ngazi hiyo inatupatia viongozi tunaowahitaji, ama inatupotezea wale tuliokwisha kuwapata.

Najua kwamba mjadala wa siku nyingi umekuwa juu ya jambo jingine, yaani kama hospitali iongozwe na daktari au na mtawala aliyesomea hesabu na uendeshaji. Kila upande una hoja yake. Daktari huijua hatari ya kuchelewa kwa damu kuliko mtawala awaye yote, na mtawala hutambua kwamba damu ilichelewa kwa kuwa gari lilikosa mafuta, na mafuta yalikosekana kwa kuwa hati ya malipo ililala juu ya meza ya mtu. Lakini nikiyatazama maisha ya viongozi walioacha athari ya kweli, siioni shahada kuwa ndiyo iliyowapambanua na wengine, bali ni urefu wa muda waliokaa karibu na wagonjwa, na uwezo waliopewa wa kukata shauri wakiwa bado wako huko.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Leader Stirling, mpasuaji Mwingereza aliyefika Tanganyika mwaka 1935 kuhudumu katika misheni ya UMCA upande wa Masasi. Huko Lulindi alipasua wagonjwa katika majengo ya udongo yaliyoezekwa nyasi, kisha akahamia Mnero, na hatimaye Kibosho chini ya Kilimanjaro, na katika miaka hiyo yote alikuwa akifundisha wauguzi wenyeji, na hata kabla ya uhuru akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kuungwa mkono na TANU. Mwalimu Nyerere alipomteua kuwa Waziri wa Afya mwaka 1975, alikuwa ametimiza miaka 40 tangu awasili nchini. Serikali ilikuwa imekwisha kuazimia, baada ya Azimio la Arusha, kwamba fedha zielekee kwenye zahanati na vituo vya afya vya vijijini badala ya kumezwa na hospitali kubwa za mijini, na waziri aliyekabidhiwa azimio hilo hakuhitaji kusimuliwa hali ya mama aliyebebwa kwa machela usiku kucha, maana alikwisha kuwapokea wengi wa namna hiyo kwa mikono yake mwenyewe.

Simtaji ili kumtukuza kupita kiasi. Ni katika muda wake ndipo ilipopitishwa sheria ya 1977 iliyozuia matibabu ya kibinafsi yenye kutafuta faida, zuio ambalo Bunge lililegeza mwaka 1991, na wako wanaoona hata leo kwamba sheria ile iliwanyima watu huduma ambayo serikali haikuwa na uwezo wa kuijazia. Kukaa sana na wagonjwa hakumpi mtu isma ya kutokosea.

Ushahidi ulio mzito zaidi kwangu umetoka Rufiji na Morogoro Vijijini, na ajabu yake ni kwamba hauna jina la shujaa. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ya Tanzania, ikisaidiwa na Kanada, iliingia katika mradi uliojulikana kwa jina la TEHIP. Kwanza yalichunguzwa maradhi yanayowaua watu wa wilaya hizo, kisha yakalinganishwa na bajeti, ikadhihirika kwamba huko Morogoro malaria ilikuwa ikichukua takriban asilimia 30 ya miaka ya uhai inayopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Hayo yalichorwa kwa michoro myepesi, wakakabidhiwa waganga wakuu wa wilaya na timu zao wajiamulie wenyewe. Wakazielekeza fedha kwenye vyandarua vyenye dawa, kwenye matibabu ya watoto yanayomtazama mtoto mzima badala ya homa yake peke yake, kwenye redio za mawasiliano kati ya vituo, na kwenye usimamizi uliogawiwa vituo vya afya ili kila kimoja kiziangalie zahanati zilizo jirani nacho, jambo lenye maana kubwa katika nchi kama Rufiji ambako maji yakijaa njia hufungika. Waliruhusiwa kuongeza matumizi hadi dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Mwanzoni hawakuweza kutumia zaidi ya senti 80 hivi, kwa sababu kilichokuwa haba kupita fedha ni uwezo wa kuzisimamia. Na kwa hizo senti 80, vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka 5 hivi.

Nisomapo habari hizo huwaza jinsi watumishi wale wangeweza kuvunjwavunjwa kwa barua za uhamisho kabla hawajaizoea ile michoro.

Kenya nayo ina Profesa Miriam Were, aliyekuwa mwalimu wa shule na mwandishi wa riwaya kabla ya kusomea udaktari, na ambaye katika miaka ya 1970 alikwenda Kakamega kujaribu jambo lililoonekana dogo: wanakijiji wachague wenyewe jirani zao wa kufundishwa kinga, usafi wa vyoo, chanjo na malezi ya watoto. Baadaye alifika mbali, akafanya kazi na Umoja wa Mataifa huko Ethiopia, akaongoza bodi ya AMREF na Baraza la Taifa la kudhibiti UKIMWI, na mwaka 2008 Japani ikamtunuku Tuzo ya Hideyo Noguchi. Lakini mbegu ilikuwa ile ya Kakamega, na ilichukua takriban miaka 30 kabla Kenya haijaweka mkakati wa afya ya jamii mwaka 2006, na nyingine 17 kabla ya wahamasishaji 100,000 kukabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka 2023, wakaahidiwa na posho. Muda mrefu namna hiyo hauwezi kuingia katika mkataba wa miaka mitatu.

Yamkini nitaambiwa kwamba ni lazima wawepo wanaopanda, kwa kuwa kituo cha kijijini hakiwezi kujadiliana bei ya chanjo na makampuni ya ng'ambo. Ni kweli. Rwanda isingeanza kuwapa wasichana wake chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2011 kama pasingekuwapo wizarani mtu kama Dkt. Agnes Binagwaho, daktari wa watoto aliyejua kudai na kuhesabu. Lakini yeye naye alidumu: alikuwa Katibu Mkuu wa wizara tangu 2008, akawa Waziri hadi 2016, na kabla ya hapo aliiongoza tume ya kupambana na UKIMWI. Hata kule juu, basi, kilichozaa matunda ni kuachwa mahali pamoja.

Na haja ya jambo hili imezidi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 serikali ya Tanzania imekuwa ikipeleka fedha moja kwa moja katika akaunti za zahanati na vituo, na sheria ya 2023 ya bima ya afya kwa wote itazidisha madai, hati na hesabu za kituo. Maana yake ni kwamba tabibu aliyefundishwa kutibu nimonia sasa huagiza dawa, hutia saini malipo, huketi na kamati ya wananchi na kujibu wakaguzi, na aghalabu hujifunza hayo yote akiwa tayari ameshika funguo.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba madaraja ya mshahara yatenganishwe na madaraja ya ofisi, ili mtu aweze kupanda cheo akiwa kituoni kwake. Na elimu ya usimamizi itangulie uteuzi. Nasikia pingamizi la wenye familia, kwamba hakuna mzazi atakayekubali kulea watoto mahali pasipo na shule nzuri kwa sababu ya cheo, nami naona ni pingamizi la haki, linalotaka nyumba ya mtumishi na ada ya bweni zihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za tiba kama zinavyohesabiwa dawa. Serikali ikishindwa kuyafanya yote, na ianze na moja: mganga mfawidhi aliyedumu miaka 10 katika kituo kimoja, na wananchi wa pale wakashuhudia wema wa kazi yake, alipwe sawasawa na mganga mkuu wa wilaya, na asihamishwe pasipo ridhaa yake.