Kikomo Bila Kipimo



Mwaka 2004 sumu ya kuvu, yaani aflatoksini, iliwaua Wakenya 125 kati ya wagonjwa 317, wengi wao wa Makueni na Kitui. Kiini kilikuwa mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Sisi wa Ngao, tulimao bondeni mwa Tana penye joto na mafuriko, hatuna ruhusa ya kusahau.

Sumu hii haionekani kwa macho, wala haiangamii kwa kupikwa. Ng'ombe akilishwa chakula chenye kuvu, hupitia katika maziwa hadi kinywani mwa mtoto. Viwango vya taifa vyaweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa kila kilo ya mahindi. Je, kikomo bila kipimo chafaa nini? Kiwanda kikubwa kina maabara yake; mjane mwenye magunia mawili atapimiwa na nani?

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Haikusema kila tajiri. Vipo vipimo vyepesi vitoavyo jibu kwa dakika chache, pasipo maabara kubwa. Twaidai Serikali ya Kaunti iviweke Garsen na Ngao, kwa nafaka na kwa chakula cha mifugo, kwa bei anayoimudu mkulima, na vipima-unyevu wakati wa mavuno.

Enyi waumini, mnapoleta malimbuko madhabahuni, waulizeni wawakilishi wa wadi: fungu la kazi hii li wapi katika bajeti? Chakula salama ni haki, si hisani.