Mifupa ya Tendaguru si Uzushi: Tuache Kuwakadhibisha Babu Zetu



Ndugu Waislamu, limezoeleka katika baadhi ya darsa zetu, Kilwa hadi Lindi, neno ambalo hatuwezi tena kulinyamazia. Husemwa kwamba mifupa ya dinosaria ni uzushi uliotungwa ili kuwapotosha vijana. Mwanafunzi wetu mmoja, hodari wa baiolojia, alitujia akiuliza iwapo ni halali kwake kuendelea na somo hilo. Alikuwa ameambiwa achague: ama mifupa, ama dini. Tunasema bila ya kificho kwamba aliyemweka kijana huyu kwenye njia panda hiyo amekosea, na kosa lake halikutokana na wingi wa uchamungu bali na uchache wa uhakiki.

NANI ALIYEIBEBA?

Kilima cha Tendaguru kiko umbali wa kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona huko mifupa mikubwa ikichomoza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini ni mikono ya nani iliyochimba? Ni ya watu wa pwani hii na bara yake, waliofikia takriban 500 kazi ilipopamba moto, ilhali majeraha ya Vita vya Majimaji yalikuwa mabichi. Msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye jina lake lilipewa dinosaria mmoja wa Tendaguru mwaka 2007: Australodocus bohetii. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi.

Basi anayesema kuwa mifupa ile ni uzushi, na ajue anamkadhibisha nani. Je, wazee wale walibeba uzushi? Uzushi hauchubui mabega.

MIFUPA INASEMA NINI?

Wapo wanaouliza: ubongo huoza, vipi basi utapimwa ubongo wa mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita? Swali ni zuri, na jibu lake ni jepesi. Ubongo huoza, lakini nyumba yake hubaki. Tundu la ndani ya fuvu likijazwa, ama na udongo uliogeuka jiwe, ama na kalibu ya mtaalamu, hutoa umbo linalokaribiana na ubongo uliokuwamo. Siku hizi eksirei za kompyuta hulipima tundu hilo bila ya kuligusa fuvu.

Kwa njia hiyo, utafiti uliotolewa mwaka 2009 juu ya Giraffatitan, yule mjusi mkubwa wa Tendaguru, ulikadiria ubongo wake kuwa sentimita za ujazo 300 hivi. Kiasi hicho ni sawa na chupa ndogo ya soda, ndani ya mwili wenye uzito wa makumi ya tani! Ubongo wa mwanadamu hufikia takriban 1,300. Tendaguru imetoa pia mafuvu ya Dysalotosaurus, mnyama mdogo aliyekula majani. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha wachanga na wakubwa, wakaona jinsi umbo la ubongo lilivyobadilika mnyama alipokuwa akikua.

Asicheke mtu akadhani kuwa mjusi yule alikuwa kiumbe kilichoshindwa. Jamii yake, yenye vichwa vidogo na shingo ndefu, ilidumu zaidi ya miaka milioni 100. Katika tawi jingine, lile la wala nyama walio karibu na ndege, mafuvu yanaonesha ubongo ukiongezeka kwa kulinganishwa na mwili. Kila mmoja alipewa kilichomtosha.

Aidha, ilivuma zamani hadithi kwamba dinosaria wenye mabamba na miiba mgongoni, jamii ya Kentrosaurus wa Tendaguru, walikuwa na ubongo wa pili nyongani, kwa kuwa mfereji wa uti wa mgongo umepanuka hapo. Leo hadithi hiyo imeachwa. Ndege nao wana upana kama huo, na ndani yake hamna ubongo bali tishu yenye akiba ya sukari. Aliyesahihisha ni nani? Ni wanasayansi wenyewe. Nasi tuliosoma elimu ya wapokezi wa Hadithi twajua kwamba anayerejea kosa lake hadharani hawi sawa na mwongo.

HOJA YA WANAOPINGA

Watasema: "Mkiukubali mfupa, kesho mtakubali kila linalosemwa juu ya asili ya mwanadamu." Tunajibu kwamba kila dai lina ushahidi wake, na hupimwa kwa ushahidi huo. Kadhi hamkatai shahidi kwa kuogopa hukumu. Anayetaka kujadili asili ya mwanadamu na asome kwanza, kisha aseme.

Isitoshe, mbona tunajifakharisha kwa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, na sarafu za masultani wake? Mengi tunayoyajua juu ya mji ule yametokana na kufukua ardhi. Jembe likifukua fahari yetu tunalisadiki, likifukua tusilolizoea tunalikadhibisha. Huo si uadilifu.

WITO WETU

Kwa hiyo tunawaomba masheikh na walimu wenzetu: asiyeihakiki habari asiipandishe kwenye mimbari. Wazazi, waacheni watoto wasome baiolojia, na madrasa zetu ziwasindikize kwa dua badala ya vitisho. Mjusi wa Tendaguru amesimama Berlin tangu 1937, kimo chake kikizidi mita 13, na wengi wa wanaoandika habari za fuvu lake hawatoki Lindi wala Kilwa. Tukiendelea kuwatisha vijana, hata mjusi yule akirejeshwa kesho hatakuwapo wa kumsoma.

Mnyama yule aliishi kwa ubongo wa chupa ya soda, kwani ndio aliopewa. Sisi tumepewa mkubwa zaidi, na tutaulizwa tumeutumiaje.