Mwezi, Tope na Windo la Halali

Katika vijiji vya Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, mwindaji wa zamani hakutoka nyumbani kabla ya kuitazama mbingu na kuikagua ardhi. Mbalamwezi ilimwezesha kumwona paa, lakini paa naye aliweza kumwona mwindaji. Ardhi iliyolowa ilihifadhi nyayo za mnyama, na majani yaliyorowa hayakulia chini ya mguu.

Siku hizo zimepita. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa porini mwaka 1977, na nchini Uganda sheria ya mwaka 2019 inamkataza mtu kuwinda bila kibali. Haimpasi askari aliyeapa kuilinda sheria kutia chunguni nyama ambayo kazi yake ni kuikamata. Hata hivyo elimu ya wazee haikufa. Liko windo la halali linaloongozwa na mwezi na tope vilevile, nalo ni la kumbikumbi.

Kumbikumbi ni mchwa waliokomaa na kuota mabawa. Wao husubiri mvua iloweshe udongo ndipo watoke kichuguuni, kwa sababu kila dume na jike wakishatua hupukutisha mabawa na kuchimba shimo la kuanzisha makao mapya. Katika ardhi kavu hawawezi kuchimba, na miili yao hukauka upesi. Ndiyo maana wenyeji hukifunika kichuguu kwa vijiti na mablanketi, wakaacha tundu penye shimo la kuwanasia, kisha wakapigapiga kwa fimbo ili mchwa wadhani kuwa mvua inanyesha.

Aina nyingine huruka usiku, na hao hufuata mwanga. Usiku wa giza taa moja huwavuta wengi. Mwezi mpevu ukiangaza, nguvu ya taa hiyo hupungua. Basi familia yenye busara hutega baada ya mvua, mwezi ukiwa mchanga au kabla haujachomoza.

Mama wa nyumbani na ahakikishe kwamba taa ya mafuta iko mbali na mablanketi, na kwamba shimo halikuachwa wazi watoto wakatumbukia. Kumbikumbi wasiokotwe mahali palipopigwa dawa ya wadudu. Waliokamatwa wasilale hadi kesho yake, maana huoza haraka: wakaangwe kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, waanikwe juani, kisha wapepetwe kwa ungo mabawa yatoke. Ni kitoweo chenye protini na mafuta kwa wingi, nacho hakina gharama kubwa.

La mwisho ni kichuguu chenyewe. Kisibomolewe, kwani malkia akifa, ukoo wote hufifia. Anayekihifadhi leo atakikuta mvua za mwaka ujao, wala hatakuwa na sababu ya kumvizia paa porini.