Mwanafunzi Mwenye Biashara: Chuo Kimsaidie kwa Nini?

Wazazi wengi wa Kalemie, wampelekapo kijana wao Iniversite, hudhani ya kuwa wamekwisha kumnunulia kiti katika ofisi. Mama ameuza samaki miaka kadhaa, baba amekopa kwa shemeji, na siku ya diploma ukoo mzima wacheza ngoma. Halafu kiti hakionekani. Hatusemi haya kwa kumcheka mtu, maana nasi twayaona katika jamaa zetu wenyewe. Zamani mji wetu ulikuwa na kiwanda cha nguo cha Filtisaf, tena reli na bandari zenye kazi nyingi, na mwenye kujua kalamu hakukaa bure. Filtisaf imefungwa tangu siku nyingi, lakini ile tamaa ya kiti ingali imo vichwani mwetu.

Iniversite ya Kalemie ilianza mwaka 2004 ikiwa tawi la ile ya Lubumbashi, ikapata kujitegemea mwaka 2010. Wanafunzi wa leo hawangoji diploma ndipo watafute riziki. Huyu auza vocha za simu, yule apiga chapa kazi za wenzake, mwingine apeleka magunia ya ndagaa kwa mjomba wake wa Lubumbashi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wengi hufanya hivyo kwa kujificha, kama kwamba kununua na kuuza ni aibu kwa msomi. Basi twauliza: chuo chaweza kuwasaidia kwa nini?

Ukiwauliza wanafunzi wenyewe, watakujibu mara moja: fedha! Sisi hatukubali kwamba fedha ndiyo ya kwanza. Fedha mkononi mwa kijana asiye na mahali pa kazi, wala chombo, wala mnunuzi, ni maji yaliyomwagwa mchangani.

Tazameni kwa majirani. Huko Kampala, Iniversite ya Makerere ina nyumba ya utengenezaji wa vyakula iliyoanzishwa mwaka 2009. Mwanafunzi mwenye wazo la maji ya matunda au maziwa mgando hutumia mitambo ya chuo, chini ya macho ya walimu wake, naye hujaribu kuuza kabla hajanunua mtambo wake mwenyewe. Akishindwa, amepoteza matunda na jasho, hakupoteza shamba la baba. Huko Morogoro, wahitimu na walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine waliunda ushirika mwaka 2011, uitwao SUGECO. Nao hufundisha vijana kulima kwa faida, kutengeneza mazao na kutafuta soko. Twaupenda hasa ule mpango wa ushirika, maana kijana mmoja akienda kwa mkopeshaji huulizwa, "Wewe ni nani?", lakini kumi wenye daftari moja la hesabu husikilizwa.

Na sisi wa ziwani tuna nini? Tuna ndagaa. Kila mtu amewaona wakianikwa juu ya mchanga. Mvua ikinyesha huoza, na wakikauka huliwa pamoja na kokoto! Kwa upande wa Burundi, yapata mwaka 2004, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliwafundisha watu wa pwani kuanika juu ya vichanja vya waya vilivyoinuliwa. Upepo hupita juu na chini, samaki hukauka upesi, huwa safi, na bei yake hupanda. Hapo ndipo tungependa kumwona mwanachuo wetu. Si lazima awe mvuvi. Aweza kukodisha vichanja kwa akina mama, kupima uzito, kufunga samaki katika mifuko yenye jina, na kujua bei ya Lubumbashi kabla treni haijaondoka. Chuo kingempa uwanja, mizani, mwalimu wa kukagua hesabu, na barua ya kumtambulisha kwa wanunuzi. Hayo si mambo ya mamilioni.

Sheria nayo haizuii. Tangu Kongo ilipoingia katika OHADA mwaka 2012, mtu mwenye biashara ndogo aweza kutambulikana kwa kuandikisha tu kazi yake, bila kuunda kampuni. Tena tarehe 8 Septemba 2022 Serikali ilitoa sheria ya kuwainua wenye kuanzisha biashara mpya. Ila sheria iliyo katika karatasi za Kinshasa haimfikii kijana wa Kalemie asipopata mtu wa kumweleza, na hiyo pia ni kazi ya chuo.

Neno moja kwa wanafunzi, nalo ni kali kidogo. Fedha ya masomo iliyotoka kwa mama si mtaji. Tumesikia habari za kijana aliyeinunulia simu za kuuza. Simu zikaibiwa, naye akakosa mtihani na biashara pamoja. Anzeni na kidogo mlichochuma wenyewe, na kila mnachouza kiandikwe jioni ileile.

Nanyi wazazi, kijana akija likizo akaomba miti michache na mtu wa kumsaidia kufunga waya, msimwambie kwamba hamkumpeleka Iniversite ili aanike samaki. Kichanja cha kwanza chaweza kusimama kabla ya mvua za Oktoba.