Spika za Wazee: Tubadilishe Kilichokufa Tu

Kila muhula jarida hili hupokea maoni juu ya ngeli, ushairi na mtihani wa insha. Safari hii tunaomba nafasi tuseme juu ya kifaa kidogo kinachokaa ndani ya spika za zamani, nacho ni kapasita. Tunajua swali litakaloulizwa: kapasita inaihusu vipi klabu ya Kiswahili? Tutalijibu. Kwanza tutaje msimamo wetu, ili anayetaka kubishana nasi ajue pa kuanzia. Spika za zamani zinastahili kutengenezwa. Kapasita zilizochoka zinastahili kubadilishwa. Lakini ile biashara ya kuwauzia wazee kapasita za bei kubwa kwa jina la "kuboresha sauti" tunaipinga.

Wengi wetu tumekulia Turffontein na vitongoji jirani vya Rosettenville, Forest Hill na La Rochelle, kusini mwa Johannesburg. Wageni wanalijua jina la Turffontein kwa uwanja wake wa mbio za farasi, uliopo tangu 1887. Sisi tunalijua kwa nyumba za bati zilizogawanywa vyumba vya kupanga, ambako jirani wa kulia ametoka Lubumbashi, wa kushoto Maputo, na wa nyuma Blantyre. Kabla ya wazazi wetu kufika, mitaa hii ilikuwa na Wareno wengi, wakiwemo waliohamia huku Msumbiji na Angola zilipopata uhuru mwaka 1975. Afrika Kusini nayo haikuwa na televisheni mpaka Januari 1976, kwa hiyo mwenye sebule nzuri wakati ule alijivunia redio yake na gramafoni yake. Watu walizeeka, wakahama, wakafariki, na watoto wao wakauza vitu. Ndiyo maana hadi leo unaweza kukuta kwenye duka la rehani spika za mbao za Wharfedale, KEF au Tannoy, nzito kama gunia la unga, zikiuzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Wazee wetu walizinunua, na sisi tumekua tukizisikia.

Sasa tuifungue spika. Nyuma ya kitambaa cha mbele kwa kawaida mna wufa, ile kubwa ya besi, na twita, ile ndogo ya sauti za juu. Amplifaya inatuma sauti zote kwa pamoja kwenye waya mmoja. Twita ikipewa besi inaungua, na wufa ikipewa sauti za juu inazitoa hovyo. Kwa hiyo ndani ya kasha pamewekwa kibao cha kugawa sauti, mafundi wanakiita krosova. Koili inapitisha sauti nzito na kuzuia nyembamba. Kapasita inafanya kinyume chake: inazuia nzito na kupitisha nyembamba. Tuchukue krosova iliyo rahisi kuliko zote. Kapasita ya mikrofaradi 4 ikiwekwa mbele ya twita ya omu 8, mpaka wake unakuwa karibu mitetemo 5,000 kwa sekunde; chini ya hapo sauti inazidi kufifia.

Hesabu hiyo inakaa sawa maadamu kapasita ni nzima. Nyingi katika spika za miaka ya 60 hadi 80 ni za kikopo: karatasi mbili za alumini zimekunjwa pamoja na karatasi iliyolowa dawa ya majimaji. Dawa hiyo hukauka pole pole. Baada ya miaka 40 kapasita inaweza kuwa imepoteza kipimo chake, au kipimo kinasomeka sawa lakini ukinzani wake wa ndani umepanda. Ukinzani ukipanda, twita inapata nguvu kidogo na sauti za juu zinafifia. Kipimo kikipanda, twita inaanza kubebeshwa sauti nzito isizoziweza.

Tulipima jozi moja ya spika za jirani yetu hapa Turffontein. Kapasita zote mbili zimeandikwa mikrofaradi 4. Moja ilisoma 5.8, nyingine 4.6. Piga hesabu uone: mpaka wa spika moja umeshuka hadi kama mitetemo 3,400, wa nyingine hadi 4,300. Ni spika pacha zilizotoka kiwandani pamoja, na leo haziimbi wimbo mmoja. Mwenyewe alikuwa akisema siku zote kwamba mwimbaji "amehamia upande wa dirisha". Ilidhaniwa ni masikio ya uzee, kumbe mzee alikuwa anasikia vizuri kabisa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia. Irabu zetu tano zina nguvu kubwa katika sauti za chini na za kati, kwa hiyo hata spika mbovu huzitoa. Lakini konsonanti kama s, z, sh, f na th zinategemea sana sauti za juu, na hizo ni kazi ya twita. Twita ikififia, s inaanza kufanana na sh, na z inapotea ndani ya wimbo. Mtu aliyezaliwa Tanga au Bukavu hatasumbuka, kwa sababu akili yake inajaza pengo. Ni nani atakayetujazia pengo sisi? Sisi ni wale ambao shuleni tulisoma Kiingereza, mtaani tukaongea Kizulu na Kireno cha kubahatisha, na Kiswahili tukakipata kwa masikio tu, jikoni na kwenye muziki wa Jumapili. Mmoja wetu aliimba kwa miaka "nisuke" mahali ambapo mwimbaji alisema "nishuke". Anayetaka kusukwa nywele na anayetaka kuteremka garini hawana shida moja! Kwa mtoto anayejifunza lugha kwa sikio, kapasita iliyokauka inakula herufi.

Liko na jambo la historia ambalo wenzetu wengi hapa chuoni hawalijui. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, katika mji wa Jadotville, leo Likasi. Santuri zake zikatolewa na kampuni ya Gallo ya hapa Johannesburg. Mwaka 1954 Tracey alianzisha maktaba yake ya kimataifa ya muziki wa Afrika huko Roodepoort, magharibi mwa jiji hili, na mwaka 1978 ikahamia Grahamstown, leo Makhanda. Maana yake ni kwamba nyimbo za Kiswahili zilikuwa zikiuzwa na kupigwa kabla wazazi wetu hawajapanda basi kuja huku, na jiji hili lilikuwa na mkono katika kuzieneza. Mwaka 2018 serikali ilipotangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari mashuleni, wapo waliosema lugha ngeni inaletwa. Tunawaambia kwamba ilikuwapo hapa zamani, kwenye santuri.

Turudi kwenye biashara. Mzee akipeleka spika zake mjini, mara nyingi haambiwi tu kwamba kapasita imekufa. Anaambiwa kwamba zote zing'olewe, ziwekwe za plastiki za daraja la juu, na bei yake inazidi ile aliyonunulia spika zenyewe. Jirani yetu aliambiwa hivyo katika duka moja ambalo hatutalitaja. Alirudi na spika zake bila kutengenezewa chochote, akawa anafikiria kuziuza. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda.

Tukiri ukweli kwamba kapasita za plastiki ni nzuri. Hazina maji ndani, kwa hiyo hazikauki, na kipimo chake kinakaa karibu sana na kilichoandikwa. Kwa vipimo vidogo vya mbele ya twita, za bei ya kawaida zinafaa kabisa na sisi wenyewe tungezitumia. Tunachokataa ni dhana kwamba bei ikiongezeka na sauti inaongezeka. Mhandisi aliyetengeneza spika mwaka 1974 alijua kwamba kapasita yake ya kikopo ina ukinzani kidogo wa ndani, na alipopanga sauti ya twita, ukinzani huo ulikuwemo katika hesabu. Ukiweka ya plastiki, ukinzani huo unaondoka na twita inaweza kupaza kuliko alivyokusudia. Wengi husikia makali hayo siku ya kwanza wakasema "sauti imefunguka!" Baada ya mwezi wanalalamika kwamba santuri zao zinaumiza masikio. Dawa yake ni rezista ndogo, pengine nusu omu, iunganishwe kwa mfululizo na kapasita mpya. Rezista hiyo ni rahisi sana kwa bei, labda ndiyo maana muuzaji haitaji.

Tutaambiwa kwamba masikio yanatofautiana, na kwamba sisi wanafunzi hatujawahi kumiliki vifaa vya bei hiyo. Ni kweli, hatujawahi. Lakini jaribio halihitaji pesa. Badilisha spika moja kwanza, acha ya pili. Piga wimbo uleule, mtu mmoja awe anahamisha sauti kutoka spika hii hadi ile bila kusema, nawe ufumbe macho. Kati ya kapasita iliyokufa na nzima, tofauti utaisikia. Kati ya nzima ya kawaida na nzima ya kifahari zenye kipimo kilekile na ukinzani uleule, utaanza kubahatisha, na kubahatisha si sababu ya kutumia kodi ya chumba.

Tena, mara nyingi kapasita inasingiziwa. Kabla ya kuishika, tazama ukingo wa wufa. Kama ni wa sponji, huoza wenyewe hata spika isipotumika, na hapo hakuna kapasita itakayosaidia. Angalia kama viungio vya waya vina kutu. Kama kuna kitufe cha kupunguza sauti ya twita, kizungushe mara kadhaa, kwani ndani yake hushika kutu na kunyamazisha twita nzima. Koili iache ilivyo, ni waya tu wa shaba na kwa kawaida hauzeeki.

Ukifika kwenye kapasita, piga picha ya kibao kabla ya kuchomoa chochote. Andika vipimo vyote. Badilisha za spika zote mbili, kwa vipimo vinavyofanana, na volti zisipungue za mwanzo. Usiweke kapasita ya kawaida yenye alama ya chanya na hasi, kwa sababu umeme wa sauti unakwenda na kurudi na utaiharibu. Omba isiyo na upande. Ikikosekana, mafundi wana ujanja wa kuunga mbili hasi kwa hasi: mbili za mikrofaradi 10 zinatoa 5. Kwa vipimo vikubwa vya upande wa wufa, kikopo kipya kinatosha. Za zamani zitie kwenye bahasha uzibandike ndani ya kasha, atakayefungua baadaye ajue palikuwa na nini. Na usichanganye spika na amplifaya. Ndani ya spika ya kawaida hamna umeme wa ukutani. Ndani ya amplifaya upo, na kapasita zake zinaweza kushika umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Hiyo mpelekee fundi.

Na mafundi tunao. Katika Kiingereza cha Afrika Kusini, mtu akiitwa "fundi" maana yake ni mjuzi, na neno hilo lina asili ya Kinguni, lile la mwalimu. Kwetu fundi ni mwenye kazi ya mikono. Turffontein maana zote mbili zinakutana kwa mtu mmoja, aliyekaa kibarazani na pasi ya kuchomea risasi, akieleza kwa Kiswahili cha Kongo kwa nini twita yako imenyamaza. Maneno yake hayamo katika vitabu vyetu vya darasani. Tunaweza kuchambua shairi la karne iliyopita, lakini tukiombwa kueleza spika ilivyoharibika tunakimbilia Kiingereza. Fundi huyo hakimbilii popote.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo mawili kwa klabu. La kwanza, tununue kipimio kimoja cha kapasita, kinachosoma pia ukinzani wa ndani, kikae ofisini, na mwanachama yeyote aweze kukiazima kwenda nacho nyumbani wikendi. Mzee akiambiwa mjini kwamba vyote vimekufa, mjukuu wake awe na namna ya kuhakikisha. La pili, tukimpelekea fundi kazi tumlipe, kisha tumwombe ruhusa tuandike maneno anayotumia, tuyachapishe humu toleo baada ya toleo, na jina lake liwekwe kama mwenyewe ataridhia.

Spika za jirani yetu zimewekwa kapasita mbili za kawaida na rezista mbili. Hakuziuza. Sasa anasema mwimbaji amerudi katikati ya sebule, na wajukuu wameanza kumuuliza maana ya maneno.